Kabla helikopta ya rimoti haijaacha ardhi

Washa rimoti kwanza, kijiti cha kasi kikiwa chini kabisa, ndipo uchomeke betri. Mimi nilianza kinyume, mapanga yakazunguka mezani. Kovu la kidole gumba ninalo hadi leo.

Sasa uzito. Tandaza mapanga kushoto na kulia, ishike helikopta kwa kichwa cha rota, yaani kitovu yanapofungwa mapanga, ining'inie. Pua ikiinama, rudisha betri nyuma kidogo kidogo.

Kinachochosha ni mapanga. Bandika utepe mwekundu kwenye moja, zungusha, tazama ukiwa mita 5 hivi. Ukiona ncha mbili badala ya moja, yaani panga moja linapita juu ya lingine, zima, kisha punguza pembe ya panga lililopita juu: nusu mzunguko wa kiungo chake (kijiti kinachobadilisha pembe ya panga), si zaidi. Nilirudia mara saba, nikinung'unika.