Kusikiliza vitabu vya taharuki na bunilizi za kisayansi bila kupotea njiani

Kitabu cha sauti cha taharuki huharibiwa kwanza na mpangilio wa mafaili. Programu nyingi hupanga majina kwa herufi, si kwa hesabu, kwa hiyo sura ya 1 hufuatwa na ya 10, kisha ya 11, na ya 2 huja baadaye. Muuaji unamjua kabla hajaua. Ukishapakua kitabu, fungua folda yake na uyape mafaili majina ya 01, 02, 03. Kikizidi sura 99, anza na 001. Kila kitabu kiwe na folda yake. Kama kinapatikana kwa muundo wa M4B, chukua huo: sura zote hukaa katika faili moja na hazivurugiki.

Pa kuanzia bila malipo ni tovuti ya LibriVox, ambako watu wa kujitolea husoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha nchini Marekani. Vingi ni vya Kiingereza, na hazina ya bunilizi za kisayansi za kale ni kubwa. Angalia kama kitabu kimesomwa na mtu mmoja au na wengi kwa zamu. Kwa taharuki chagua msomaji mmoja, maana sauti ikibadilika katikati ya hofu, hofu yenyewe hukatika. Mpime kwa dakika 5 za sura ya kwanza, wala usiruke mbele kumjaribu.

Pakua kwenye waifai, usitegemee bando barabarani. Faili la MP3 la kbps 64 (kiasi cha data kwa sekunde) hula takriban MB 29 kwa saa, kwa hiyo kitabu cha saa 9 ni kama MB 260. La kbps 128 ni maradufu, na kwa sauti ya mtu anayesoma tofauti ni ndogo.

Tumia programu ya vitabu vya sauti, si ya muziki, kwa sababu ya muziki mara nyingi husahau ulipoishia. Ndani yake weka irudi nyuma sekunde 20 kila ukisimamisha. Sauti ikikatika yenyewe skrini ikizimika, mara nyingi ni simu inayobana betri: ingia kwenye mipangilio ya programu hiyo, sehemu ya betri, uiondolee kizuizi.

Kasi ndipo wengi wanapokosea. Taharuki isikilize kwa kasi ya kawaida, 1.0, na isizidi 1.15, kisha zima kabisa kipengele cha kuruka ukimya. Ule ukimya kabla ya mlango kufunguliwa msomaji ameuweka makusudi. Bunilizi za kisayansi zina shida nyingine: majina ya sayari, mitambo na viumbe humwagika yote mwanzoni, na sikio haliwezi kurudi juu ya ukurasa. Sikiliza sura ya kwanza mara mbili, uandike majina matano au sita kwenye karatasi. Ukishayazoea, sehemu za maelezo marefu zinavumilia 1.25.

Mahali nako kuna kazi yake. Ndani ya matatu (basi dogo la abiria) ya Mtwapa, pwani ya Kenya, yenye muziki mkubwa, minong'ono yote hupotea, na kuongeza sauti kunaumiza masikio tu. Safari hiyo ipe kitabu chepesi au hedifoni zinazoziba sikio vizuri. Kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, ukishuka kuelekea feri na ukipanda, vua hedifoni zote mbili: watu na magari wako karibu mno, na tangazo la msaidizi wa feri lazima ulisikie. Jasho na unyevu wa pwani huziba wavu wa hedifoni, sauti ya upande mmoja ikafifia. Pangusa kwa kitambaa kikavu kila jioni, na usizichaji zikiwa na maji.

Kitandani weka kipima muda cha dakika 15. Asubuhi rudi nyuma dakika 15 zote, kwa kuwa usingizi hukuchukua kabla sauti haijazimika, na dokezo dogo linalokuja kufumbua fumbo huenda lilipita hapo.