Kupanga spika za bei nafuu na kujitengenezea stendi na rafu ya vyombo vya sauti

Bajeti ikiwa ndogo, fungu kubwa liende kwenye spika, linalofuata kwenye amplifaya, na kinachobaki kwenye waya. Stendi na rafu hazina haja ya kununuliwa, maana hutengenezeka kwa mbao na vyuma vya kawaida na zikafanya kazi ileile. Upangaji wenyewe ni bure, lakini ndipo watu wengi wanapokosea.

Spika na amplifaya

Kwa sebule ya kawaida, jozi ya spika zisizo na amplifaya ndani, zenye wufa (koni ya sauti nzito) ya inchi 5 hadi 6.5 na twita (ya sauti nyembamba) moja, inatosha. Zilizotumika huwa na thamani zaidi kwa pesa ileile, ila zikague. Sukuma koni ya wufa taratibu kwa vidole vilivyotandazwa: irudi sawasawa bila kukwaruza. Angalia povu linaloizunguka, kwa sababu hulika kwa umri hata kama spika haikutumika. Kisha pima kwa mita ya umeme kwenye vituo vya nyuma, ikiwa upande wa omu (kipimo cha upinzani wa umeme): spika ya omu 8 husoma takriban 5.5 hadi 7, na ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Isiposoma kitu, koili au kiungo kimekatika. Kipimo hiki hakikwambii hali ya twita, kwani mbele yake kuna kapasita inayozuia umeme wa mita. Hiyo isikilize kwa sikio, muziki ukiwa chini.

Soma pia idadi ya desibeli, yaani ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa kwa wati moja. Spika ya desibeli 88 ikilishwa wati moja husikika kama ya desibeli 85 iliyolishwa wati mbili. Kwa hiyo tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza wati za amplifaya maradufu, na hilo ni jambo kubwa kwa mwenye amplifaya ndogo.

Sasa wati. Amplifaya ndogo za daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi) huuzwa zikiwa zimeandikwa wati 100 kila upande, huku adapta iliyomo kwenye boksi ni ya volti 12. Hesabu haikubali. Zidisha volti za adapta kwa zenyewe, kisha gawa kwa omu za spika mara mbili. Volti 12 kwa omu 8 ni 144 gawa kwa 16, yaani wati 9. Volti 19 hutoa takriban wati 22, na volti 24 wati 36, na hicho ndicho kikomo kabla sauti haijaanza kukatika vichwa, yaani kuharibika kwa kuzidiwa. Adapta ya zamani ya kompyuta mpakato, ya volti 19 na ampea 3 au zaidi, inafaa sana, mradi amplifaya yako inakubali volti hizo na pini ya katikati ni chanya. Wati 20 halisi kwa spika ya desibeli 88 zinajaza sebule bila shida.

Onyo moja: katika nyingi ya amplifaya hizi, kituo hasi cha spika si ardhi, nacho kinabeba sauti. Ukiunganisha hasi ya kushoto na ya kulia pamoja, au ukiigusisha na bodi ya chuma, unaweza kuichoma amplifaya papo hapo.

Waya

Upinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Shaba ya milimita za mraba 1.5 ina takriban omu 0.023 kwa kila mita ya urefu, ukihesabu njia zote mbili. Hivyo unaweza kuvuta hadi mita 17 kwa spika ya omu 8, na mita 8 kwa ya omu 4. Zaidi ya hapo tumia ya 2.5. Waya mwekundu na mweusi unaouzwa rahisi sana mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja: ukiona weupe, chukua saizi moja juu.

Unganisha chanya kwa chanya pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, besi itanyauka na sauti ya mwimbaji haitakuwa na mahali pake, itaelea chumbani. Kama alama za spika zimefutika, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye vituo kwa sekunde moja tu. Koni ikitoka nje, upande ulioshika chanya ya betri ndio chanya.

Stendi

Keti unapokaa kusikiliza, upime kutoka sakafuni hadi sikioni. Toa kimo cha twita kutoka chini ya boksi la spika. Sikio likiwa sentimita 92 na twita 24, stendi iwe ya sentimita 68.

Njia rahisi ni bomba la plastiki la inchi 4 kati ya mbao mbili. Kwa kila stendi unahitaji kipande cha bomba, ubao wa chini wa sentimita 30 kwa 35 wenye unene wa milimita 18 au zaidi, ubao wa juu ulio sawa na kitako cha spika, rodi moja ya nyuzi (fimbo ya chuma yenye nyuzi za skrubu) ya M10, yaani ya milimita 10, nati mbili na washa mbili pana. Toboa kila ubao katikati, pitisha rodi ndani ya bomba, kaza juu na chini. Nati za pande zote mbili zizamishwe ndani ya ubao, la sivyo spika itabembea na stendi haitasimama. Kata bomba kwa msumeno wenye meno madogo, miisho yake iwe sawa kabisa. Bomba lililokatwa mshazari ndilo sababu ya stendi nyingi kuegemea upande.

Kabla ya kufunga juu, jaza mchanga uliokaushwa juani. Mchanga mbichi hututumua mbao na kula rodi kwa kutu. Bomba la sentimita 60 humeza kilo 7 hadi 8, na uzito huo ndio unaozuia stendi isitikisike wala kuangushwa na mtoto. Chini ya spika weka vipande vinne vidogo vya mpira.

Mahali pa kuziweka

Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa: mita 2 kati ya spika, mita 2 hadi kwako. Zigeuze kidogo kuelekea unapokaa. Umbali wa kushoto na kulia kutoka kuta za pembeni ulingane kadiri inavyowezekana.

Ukuta ulio nyuma ya spika ndio wenye vita. Sauti nzito hurudi kutoka ukutani na kufuta ile inayotoka mbele, katika masafa unayoweza kuyahesabu: 343 gawa kwa mara nne ya umbali kwa mita. Koni ya spika ikiwa nusu mita kutoka ukutani, shimo hilo la sauti iliyofutwa linaangukia karibu na hezi 170, pale hasa palipo na uzito wa sauti ya mwanamume. Sogeza hadi mita moja, linashuka hadi hezi 86. Kama nafasi hairuhusu, bora sentimita 20 kuliko 50, halafu punguza besi kwenye amplifaya. Spika yenye tundu la besi nyuma isibanwe kabisa, na ukisikia mvumo wa pango, sokota soksi ulizibe. Kona ya chumba iepuke: besi huko huvimba na kumeza kila kitu.

Rafu

Rafu ya mbao nne: vipande vinne vya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) au plaiwudi ya milimita 18, sentimita 60 kwa 45, rodi nne za M12 za mita moja, nati 32 na washa 32. Watu hukosea upana. Vyombo vingi vya saizi kamili ni sentimita 43 hadi 44, navyo vinapita kati ya rodi, si kati ya kingo za ubao. Ubao wa sentimita 50 wenye matundu yaliyo sentimita 4 kutoka ukingoni hubakiza takriban 40 tu, na amplifaya haiingii.

Bana mbao zote nne pamoja, toboa kwa keekee ya milimita 13 kwa mpigo mmoja, matundu yalingane. Ukifupisha rodi, vika nati kabla ya kukata, kisha itoe baada ya kukata, nayo itanyoosha nyuzi zilizoharibika. Panga kutoka chini: nati, washa, ubao, washa, nati. Kaza kwa mkono kwanza, sawazisha kwa pimamaji, ndipo ushike spana.

Juu ya amplifaya acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi, na usiirundikie kitu. Kicheza santuri kikae rafu ya juu kabisa. Spika zisiwekwe kwenye rafu hiyo: mtikisiko hupanda hadi kwenye sindano na kurudi kama ngurumo inayokua.

Vyombo vyote vichukue umeme kwenye ekstensheni moja. Waya za ishara, zile zinazoleta sauti kwenye amplifaya, zipishane na za umeme kwa pembe mraba, zisilale sambamba. Ukisikia mvumo usiobadilika, chomoa waya za ishara moja baada ya nyingine: ule unaonyamazisha mvumo ukichomolewa ndio wenye mzunguko wa ardhi (vyombo viwili vimeungana ardhi kwa njia mbili), na mara nyingi utakuta mwisho wake ni kompyuta au televisheni yenye antena. Weka transfoma ya kutenga kwenye waya huo wa ishara. Pini ya ardhi ya plagi isikatwe kamwe, hata kama mvumo utaisha, maana chombo kikipata hitilafu bodi yake ya chuma itabaki na umeme.