Indiketa za LED kwenye pikipiki ya zamani: zikigoma kupepesa, anzia hapa

Pikipiki za zamani zilizofungwa indiketa za LED huniletea malalamiko yale yale matatu. Zinawaka bila kupepesa, zinapepesa mbio mbio kama zimepagawa, au ukiwasha kushoto zinaitika zote nne. Mara nyingi mwenyewe keshanunua seti ya pili akidhani ya kwanza ni mbovu. Taa kwa kawaida ni nzima. Pikipiki yake ilitengenezwa kwa balbu zinazokula umeme mwingi, na sasa imepewa taa zinazodonoa tu.

Mfano wangu ni Honda CG125 ya volti 12, kwa sababu ndiyo niliyoizoea, na pikipiki nyingi za Kichina zimeiga hata rangi za waya zake. Mweusi unaleta umeme ukiwasha ufunguo. Wa kijivu unatoka kwenye flasha, kifaa kinachokata na kurudisha umeme ili taa zipepese, kwenda swichi ya mkononi. Wa chungwa ni kushoto, wa buluu ya maji ni kulia, wa kijani ni hasi. Yamaha na Suzuki zina rangi zao, na pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi watano ina rangi za hao mafundi. Kwa hiyo kila waya upime, usiuamini kwa rangi.

Hatua ya 1: Pima betri

Injini ikiwa imezimwa, betri nzima inasoma volti 12.4 hadi 12.8. Washa injini, ipandishe mafuta kidogo: isome kati ya 13.5 na 14.8 hivi. Ikipita 15, rekebisha chaji kwanza; balbu ya kawaida huvumilia kidogo, LED inakufa. Ukikuta volti 6, na CG za mwanzo zilikuwa hivyo, usihangaike: taa ya volti 12 hapo haitawaka ipasavyo.

Hatua ya 2: Rudisha balbu za zamani

Watu huruka hatua hii kwa uvivu. Zirudishe zote nne. Zikipepesa vizuri, basi waya na swichi ni vizima na kosa limekuja na LED. Zisipopepesa, ugonjwa ulikuwepo kabla: swichi ya mkononi yenye kutu, soketi iliyolegea, au flasha iliyochoka. Tibu huo kwanza.

Hatua ya 3: Tafuta hasi ya kweli

Indiketa nyingi za zamani zina waya mmoja tu; hasi inapita kwenye shina la chuma hadi kwenye fremu. LED huja na waya mbili na shina la mpira au plastiki, kwa hiyo njia hiyo imekatika. Unganisha waya wa hasi wa kila taa kwenye waya wa kijani, si kwenye boliti yoyote iliyopakwa rangi. Hujui upi ni hasi? Gusisha taa kwenye betri; isipowaka, geuza. LED inawaka upande mmoja tu.

Hatua ya 4: Flasha

Hapa ndipo penye kesi kubwa. Flasha ya kizamani ina kibati kinachopata joto umeme ukipita, kinajikunja, kinakata, kinapoa, kinarudi. Balbu mbili za wati 10 zinavuta karibu ampea 1.7, joto la kutosha. LED mbili za wati moja moja hazifiki hata ampea 0.2. Kibati hakipati joto, taa inabaki imewaka tuli. Flasha za elektroniki zilizokuja baadaye zinapima mzigo: zikiona mdogo, zinadhani balbu moja imeungua na zinapepesa haraka kukuonya.

Dawa ni flasha ya LED, isiyojali mzigo. Kwenye ile ya pini mbili, pini ya herufi B (betri) inapokea waya mweusi na ya L (mzigo, yaani taa) inapokea wa kijivu. Ukizibadilisha, inaweza kugoma kabisa. Yenye pini tatu inataka pia E, yaani hasi. Pikipiki yako ikiwa na soketi ya pini mbili, vuta waya mpya hadi kwenye kijani.

Wengine watakuuzia rezista badala yake, kipande kinachoongeza mzigo ili flasha ya zamani idhani balbu bado zipo. Inafanya kazi, sikatai. Lakini rezista ya omu 10 kwenye volti 12 inageuza zaidi ya wati 14 kuwa joto kila taa inapowaka. Niliwahi kuifunga nyuma ya kava la pembeni kwa tai ya plastiki. Mteja alirudi na kava lenye tundu. Ukilazimika, ifunge kwenye chuma, mbali na waya na plastiki.

Hatua ya 5: Zote nne zinapepesa pamoja

Umeweka flasha mpya, lakini kushoto na kulia bado vinaitikiana. Tazama dashibodi: kama kuna taa moja tu ya indiketa kwa pande zote mbili, umemkamata. Hiyo imeunganishwa kati ya waya wa chungwa na wa buluu. Ukiwasha kushoto, umeme unapita ndani yake na kutafuta hasi kupitia taa za kulia. Balbu za kawaida hazikuonyesha kitu kwa umeme mdogo hivyo, LED inawaka. Hakikisha kwa kuchomoa taa ya dashibodi: zikitulia, ndiyo yenyewe.

Nunua dayodi mbili za 1N4007, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Ncha zisizo na mstari: moja kwenye chungwa, nyingine kwenye buluu. Ncha zenye mstari ziunganishe pamoja, ziende kwenye taa ya dashibodi. Waya wa pili wa taa hiyo upeleke kwenye kijani.

Hatua ya 6: Funga na ujaribu

Kabla ya kukata waya wowote, toa hasi ya betri. Maungio yachomelee kwa risasi na uyavike mpira; yaliyosokotwa na kufungwa tepu hayamalizi msimu wa mvua. Kisha washa injini, shika breki, piga honi, huku ukihesabu mpepeso kwa dakika moja. Kati ya 60 na 120 ni sawa. Ukipata 85 au 90 kila upande, rudisha kiti na ufunge boliti.