Sambusa za Ramadhani nzima kwa siku mbili za Shaabani

Mombasa magharibi huingia mnamo saa kumi na mbili unusu, na saa kumi na moja si wakati wa kuanza kumenya vitunguu ukiwa na saumu. Jitaabishe siku mbili mwishoni mwa Shaabani, jioni za Ramadhani ubaki na kukaanga tu.

Anza na hesabu. Nyumba ya watu 6, sambusa mbili kwa kila mtu, jioni 16: ni 192, basi fanya 200. Sambusa kila siku hatushauri. Muhogo na viazi vya nazi navyo vina zamu yao.

Utahitaji kima cha ng'ombe kilo 4 kisicho na mafuta mengi, vitunguu maji kilo 2, thomu vichwa 4, tangawizi gramu 150, kotmiri mafungu 4, ndimu 6, pilipili mbichi kwa kadiri ya ndimi za nyumbani, bizari nyembamba na pilipili manga za kusaga vijiko vya chai 4 kila moja. Manda za kukunjia sambusa nunua 210, maana chache zitachanika. Kunja pembe moja dukani. Ikivunjika, zimekauka, ziache.

Siku ya kwanza nenda soko la Marikiti mapema, nyama uinunue mwisho kwa sababu ya joto. Gawa kima kwenye sufuria mbili pana. Kilo 4 zikirundikwa pamoja hutoa maji mengi na nyama ikachemka badala ya kukauka. Tia thomu, tangawizi, pilipili, bizari, chumvi na ndimu, usitie mafuta, usifunike. Vunjavunja madonge kwa mwiko hadi maji yaishe na uanze kusikia kima kikikaangika. Hapa ndipo wengi hukosa subira, na sambusa nyingi zinazopasuka ziliharibikia hapa: unyevu uliobaki hulainisha manda kabla hata hazijafika kwenye mafuta. Tandaza kima kwenye masinia kipoe, kisha kiingie friji kabla ya muda wa saa mbili kupita.

Siku ya pili, katakata vitunguu vidogo vidogo kwa kisu. Mashine huvigeuza uji. Vinyunyizie chumvi, ngoja dakika 10, vikamue kwa kitambaa safi, uvichanganye na kima kilichopoa na kotmiri iliyokauka maji. Kima cha moto hakitiwi kwenye manda. Mvuke wake hufanya kazi ileile ya maji.

Kaeni watatu: mmoja abandue manda na kuzifunika kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa sana, wa pili ajaze na kukunja, wa tatu agandishe ncha kwa gundi. Gundi ni unga wa ngano vijiko 4 na maji, nzito kama uji wa mgonjwa. Kila sambusa itie kijiko kimoja cha kima, kama gramu 20. Kabla ya kuipokea, wa tatu aitazame ncha: tundu dogo tu hupitisha kima, kikaungua na kuchafua karai nzima. Mkunjaji mzoefu huchukua kama nusu dakika kwa moja.

Zipange kwenye sinia bila kugusana, friza saa mbili hadi tatu, zikiwa ngumu ndipo uzitie mifukoni, 12 kwa 12, na kutoa hewa. Ukiziweka mifukoni zikiwa laini utapata bonge moja. Friza ndogo ipe 50 kwa awamu, zilizobaki zisubiri kwenye friji. Ukiisongamanisha joto lapanda na zilizoganda zalegea.

Stima ikipotea usifungue mlango. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri huhifadhi baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Zilizoyeyuka na kupata joto zitupe, usizigandishe tena.

Mbaazi pia zichemshe na kuzigandisha, lakini bila tui. Tui lingoje siku yenyewe. Mchuzi wenye vipande vya viazi usigandishe, viazi hugeuka sifongo. Kaimati ziachie siku yake.

Jioni usiziyeyushe. Zitoe kwenye friza moja kwa moja hadi kwenye mafuta ya moto wa wastani, sita sita. Moto ukizidi, manda hubabuka na ndani kungali barafu. Zitoe kabla hazijafika rangi unayoitaka, kwani huendelea kuiva zikiwa kwenye chujio.