Jinsi ya Kuripoti Uhalifu wa Chuki na Matukio ya Moto Katika Vyuo vya Marekani

Maneno ya kibaguzi yaliyoandikwa kwenye mlango wa chumba hufutwa na wafanya usafi kabla ya saa mbili asubuhi. Kikaango kilichoshika moto katika jiko la bweni hufunikwa, madirisha yakafunguliwa moshi utoke, na kila mtu akarudi chumbani kwake. Matukio haya yanafanana katika jambo moja: yasiporipotiwa hayaachi kumbukumbu yoyote, na chuo huendelea kuonekana salama katika takwimu zake ilhali wanaolala humo wanajua vinginevyo. Mwongozo huu unamhusu mwanafunzi anayesoma Marekani, ambako kuripoti kuna uzito wa kisheria ambao wengi hawaufahamu.

Vyuo vinavyoshiriki katika mipango ya serikali kuu ya misaada ya fedha kwa wanafunzi hubanwa na sheria inayojulikana kama Clery Act. Ilipitishwa mwaka 1990, baada ya Jeanne Clery, mwanafunzi wa miaka 19 wa Lehigh University jimboni Pennsylvania, kubakwa na kuuawa chumbani kwake bwenini mwezi Aprili 1986. Mwaka 2008 Bunge la nchi hiyo liliongeza masharti kuhusu moto na kupanua orodha ya makosa yanayohesabiwa kuwa uhalifu wa chuki. Kwa hiyo, ifikapo Oktoba 1 kila mwaka, chuo hutakiwa kuchapisha ripoti yenye takwimu za uhalifu za miaka mitatu ya kalenda iliyotangulia, na kama kina mabweni ndani ya eneo lake, takwimu za moto pia. Takwimu hizo hutokana na taarifa zilizofikishwa kwa wahusika, na ndiyo sababu taarifa ya mtu mmoja ina thamani kuliko anavyodhani.

Kueleza uhalifu wa chuki

Uhalifu huitwa wa chuki pale mtendaji anapomchagua mwathiriwa kwa makusudi kwa sababu ya upendeleo mbaya alionao dhidi ya rangi, dini, kabila, asili ya taifa, jinsia, utambulisho wa kijinsia, mwelekeo wa kimapenzi au ulemavu. Haijalishi kama mtendaji alikosea. Mtu aliyepigwa kwa kudhaniwa kuwa wa dini fulani, hata kama si wa dini hiyo, bado ni mwathiriwa wa uhalifu wa chuki.

Hapa ndipo waripoti wengi hupoteza haki yao bila kujua. Makosa makubwa kama mauaji, ubakaji, unyang'anyi na uchomaji moto wa makusudi huingia katika takwimu za chuo hata pasipo chuki. Lakini wizi wa kawaida, shambulio lisilo na majeraha makubwa, vitisho na uharibifu wa mali huingia tu iwapo vimetokana na chuki. Ukienda kwa polisi wa chuo ukasema mlango wako umechanwa kwa kisu bila kutaja maneno yaliyochanwa hapo, tukio lako halitahesabiwa kabisa katika ripoti ya mwaka. Taja maneno yenyewe, neno kwa neno, hata kama yanakuchoma kuyatamka. Eleza ishara au michoro iliyoachwa, jambo lililosemwa kabla ya kipigo, na matukio yaliyotangulia yaliyokulenga wewe au watu wa kundi lako. Aibu ya maneno hayo ni ya aliyeyasema.

Kabla ya chochote kufutwa, piga picha kwa karibu na kwa mbali, ili ionekane ni mlango upi na ukumbi upi. Ujumbe wa simu usiufute hata kama hutaki kuuona tena. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba au jina la akaunti, tarehe na saa. Mwombe mfanya usafi asubiri mpaka askari afike. Kisha andika mara moja, ukiwa bado unakumbuka, mlolongo wa mambo pamoja na majina ya walioshuhudia.

Kukiwa na hatari au jeraha, piga kwanza 911, namba ya dharura ya Marekani. Hatari ikiisha, nenda kwa polisi au idara ya ulinzi ya chuo. Mtu anayeogopa sare ana njia nyingine: sheria inawatambua pia maafisa wenye wajibu mkubwa kuhusu wanafunzi, kama vile wakuu wa masuala ya wanafunzi, wasimamizi wa mabweni na makocha wa michezo, na kosa linaloangukia katika sheria hiyo likifika kwao hawaruhusiwi kukaa nalo kimya. Tofauti yao na mshauri nasaha au kiongozi wa dini wa chuo ni muhimu: hawa wawili, wanapotenda kazi yao hiyo, hawalazimiki kupeleka taarifa mbele. Ukitaka kwanza kulia na kusikilizwa, nenda kwao. Ila usitoke hapo ukiamini kwamba umesharipoti.

Si kila neno la chuki ni uhalifu. Katiba ya Marekani hulinda kauli nyingi za kuudhi, na mtu aliyetoa kauli hiyo anaweza asishtakiwe. Ripoti hata hivyo, kwa sababu tishio la kudhuru halilindwi, na kuamua kama maneno yalikuwa tishio si kazi ya mwathiriwa. Mwanafunzi wa kigeni naye ajue kwamba kuripoti uhalifu hakuvunji masharti ya viza yake ya masomo.

Moto, hata uliokwisha kuzimika

Kengele ya moto ikilia, toka. Gusa mlango kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuufungua, ufunge nyuma yako usiingize hewa, tumia ngazi wala si lifti, na piga simu ukiwa nje. Mafuta yakishika moto jikoni, zima jiko na uyafunike kwa kifuniko. Kamwe usimwagie maji. Mapishi ndiyo chanzo kikuu cha moto katika mabweni, na mara nyingi chanzo hicho huanza na mtu aliyeacha sufuria jikoni akaenda kujibu simu.

Kinachosahaulika ni moto mdogo. Kwa mujibu wa sheria hiyo, moto ni mwako wowote ulio mahali pasipokusudiwa kuwaka, au uliotoka katika udhibiti. Karatasi iliyowaka ndani ya pipa la taka kwa sekunde chache ni moto. Ripoti ya mwaka hutakiwa kutaja vyeo vya watu wa kupelekewa taarifa ya moto uliokwisha tokea. Itafute sehemu hiyo leo, uandike vyeo hivyo mahali utakapoviona. Unaporipoti, taja jengo, ghorofa, chumba, saa, unachodhani kilisababisha, na kama kuna mtu aliyeumia. Taja pia kama kitambua moshi kililia. Kilichofunikwa kwa soksi, au kilichotolewa betri, ni jambo la kuripotiwa lenyewe, kwa kuwa kinahatarisha ghorofa nzima.

Uzito wa jambo hili ulionekana Januari 19, 2000, moto ulipozuka katika bweni la Boland Hall la Seton Hall University, New Jersey, na kuua wanafunzi watatu. Jengo halikuwa na vinyunyizio vya maji vyumbani. Kengele zilikuwa zimelia mara nyingi bure katika miezi iliyotangulia, na baadhi ya wanafunzi walidhani ni hivyo tena. Anayeliza kengele kwa mzaha, basi, naye aripotiwe.

Moto na chuki hukutana pale mtu anapochoma kwa makusudi bendera, tangazo au mlango wa kundi fulani. Tukio hilo likitokea bwenini huhesabiwa kama uhalifu na pia kama moto, hivyo toa taarifa kwa pande zote mbili.

Baada ya kuripoti

Omba namba ya taarifa na jina la aliyeipokea. Chuo chenye polisi au idara ya ulinzi hutunza daftari la kila siku la uhalifu, na chenye mabweni hutunza daftari la moto. Tukio huandikwa ndani ya siku mbili za kazi, ingawa maelezo yanaweza kuzuiwa kwa muda yasije yakavuruga uchunguzi. Kumbukumbu za siku 60 za karibuni ziko wazi kwa yeyote saa za kazi, nawe huhitaji kueleza sababu ya kuzitaka. Tukio lako lisipoonekana, uliza kwa barua pepe ili jibu nalo liwe la maandishi.

Chuo kikipuuza au kikikuadhibu kwa kuripoti, jambo ambalo Clery Act inalikataza, lalamika kwa Wizara ya Elimu ya Marekani. Malalamiko ya ubaguzi wa rangi, asili ya taifa, jinsia au ulemavu hupelekwa kwa ofisi yake ya haki za kiraia, kwa kawaida ndani ya siku 180 tangu tukio. Uhalifu wa chuki unaweza pia kupelekwa FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, ama kwa ofisi yake ya karibu, ama kupitia tovuti yake.