Mnazi Ukitobolewa, Usimsingizie Sange

Kuti jipya likifunguka limekatwa pande zote mbili kama lililopitiwa na mkasi, huyo ni mdudu aitwaye chonga. Alilitoboa likiwa bado limekunjwa ndani ya moyo wa mnazi. Panda ukague penye mashina ya makuti: utaona tundu, na nyuzi zilizotafunwa zikichungulia nje.

Huku Mombasa, kila kinachochakura chini ya minazi huitwa panya, kikategewa. Sange naye hunaswa humo. Chonga, Oryctes monoceros, ni mdudu wa kundi la mbawakawa. Sange ni mamalia, na licha ya umbo lake si panya hata kidogo. Kinasaba yuko karibu zaidi na tembo na nguva. Pua yake ndefu hufukua majani makavu akitafuta mchwa, minyoo na jongoo. Nazi hagusi.

Chonga hana upungufu, tena tungefurahi apungue. Sange inategemea ni yupi. Kusini mwetu, Shimba Hills na misitu ya Diani, kuna yule mwenye rangi nyekundu na nyeusi, ambaye hali yake si mbaya. Kaskazini, hasa msitu wa Arabuko-Sokoke, yuko yule mwenye dhahabu matakoni, ambaye IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka katika daraja la walio hatarini kutoweka. Huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, kwa hiyo kila mtego una hasara kubwa.

Sasa kazi yenyewe. Chonga hutaga kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye lundo la samadi. Mnazi uliokufa usiuache umesimama. Ukate, upasue, uukaushe, uuchome. Samadi ipindue kila mwezi, funza weupe waliojikunja uwatupie kuku. Chonga aliye juu ya mnazi mvute kwa waya wenye ndoana, taratibu usije ukaujeruhi moyo wa mnazi, kisha jaza mchanga uliochanganywa na majivu kwenye makwapa ya makuti. Kazi hii mpe mgema aliyezoea kupanda. Mnazi si mchezo.

Wengine wakishaambiwa usafi wa shamba huwasha moto hadi kichakani. Hapo wanakosea. Majani makavu ya kichakani si makao ya chonga, ila sange hujengea kiota chake hayo hayo. Chomeni magogo tu, mahali palipofyekwa, na mbwa wafungwe. Mtego wa panya uwekeni ghalani, si kichakani, na mkimkuta sange hai kwenye kitanzi mfungueni aende zake.