Umeombwa hela hospitali ya serikali? Fanya hivi

Jamani wa Arua na kwengineko Uganda, kumlipa nesi ili mama ajifungue sio kawaida hata kama wote wanalipa. Tangu 2001 matibabu vituo vya serikali ni bure, isipokuwa ile wodi ya kulipia kwenye hospitali kubwa, na huko unapewa risiti. Kwa hiyo ukiambiwa "leta elfu ishirini ya glavu", omba risiti, kwa upole tu, mbele ya watu. Mara nyingi bei inayeyuka hapo hapo.

Ila tusiwaonee watu. Dawa kuisha sio lazima iwe wizi, kuna wakati stoo ni tupu kweli sababu mzigo wa National Medical Stores, bohari ya dawa ya serikali, haujafika na nesi wa watu anatukanwa bure. Wizi ni pale unaambiwa asubuhi zimeisha halafu jioni unazikuta kliniki ya yule yule daktari zinauzwa. Geuza kidonge uangalie, dawa za serikali zina alama ya UG na boksi limeandikwa haziuzwi. Ukiiona usigombane, piga picha, andika duka, tarehe, saa na bei. Kama hela ulituma kwa simu, ile meseji usiifute kabisa!

Mgonjwa akiwa bado kitandani na unaogopa atatelekezwa, atibiwe kwanza, ripoti itasubiri.

Halafu unapeleka wapi? Anza na incharji, yaani mkuu wa kituo, au kamati ya kituo, humo wamo wanakijiji wenzetu. Incharji mwenyewe akiwa ndani ya huo mchezo mruke, nenda kwa DHO (afisa wa afya wa wilaya), kwa RDC (mwakilishi wa rais wilayani) au kwa IGG (mkaguzi mkuu wa serikali, anayeshughulikia rushwa). Barua iwe fupi: nani, wapi, lini, shilingi ngapi, nani aliona. Andika ulichoona wewe, sio cha kusikia sokoni, maana kuripoti uongo kwa makusudi ni kosa. Toa kopi mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa, bila huo watakwambia hawajawahi kukuona.

Najua mnaogopa, hasa nyie mnaofanya kazi humo humo ndani na mnaona majina ya wafanyakazi hewa yakilipwa mshahara. Sheria ya 2010 ya kuwalinda wanaofichua inakataza kukufukuza au kukuhamisha kwa kulipiza kisasi, na hela ikirudishwa serikalini kwa sababu yako unastahili asilimia 5. Ukianza kusumbuliwa, peleka hilo pia kwa IGG au Tume ya Haki za Binadamu, na ile kopi yenye muhuri.